Mama Aliwaambia Nimekufa

Ndugu mtunza ukurasa, jina langu lifiche, na kijiji changu usikitaje. Sema tu ni upande wa Newala. Nimekaa na jambo hili miezi miwili, sasa limenizidi.

Nina miaka ishirini na saba, fundi cherehani, mke mmoja, watoto watatu. Nina mikorosho themanini na minne na hakuna hata mmoja niliourithi, yote nimeipanda kwa mkono wangu. Cherehani nilianza kwa kukodi, leo ni yangu. Kadi ya Chama ninayo, kura nimepiga mara mbili. Sijisifu, nataka tu mjue nina nini cha kupoteza. Maana mimi nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Tulivuka mimi na mama nikiwa na miaka kumi na moja, baada ya kijiji chetu kupigwa mabomu. Huku tulipokelewa, tukaandikwa kwenye kitabu cha wakimbizi: mama, na mtoto mmoja wa kiume, kwa jina langu la utotoni.

Miaka miwili baadaye nikaingia jando hapa hapa. Msiotoka huku niwaeleze. Ukiingia likumbi, yaani kile kibanda cha jando porini, mtoto aliyeingia anahesabiwa amekufa. Anayetoka ni mtu mwingine, ana jina lingine, na kumwita mtu mzima kwa jina lake la kale ni tusi la kufikishana kwa wazee. Mama mzazi ndiye wa kwanza kulisahau. Kwa hiyo tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, balozi wa nyumba kumi aliniandika kwa jina la jandoni: mkulima, mzaliwa wa hapa. Hakuniuliza, nami sikusema.

Vita ilipokwisha ng'ambo na wenzetu wengi wakaanza kurudi, maafisa uhamiaji walikuja asubuhi moja bila taarifa, wakasimamisha Landrova mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa barazani nashona, hatua tisa kutoka pale waliposimama. Afisa akafungua kitabu, akalisoma jina langu la utotoni, akamuuliza mama huyu yuko wapi.

Mama akamjibu, "Huyo alishakufa, baba."

"Lini?"

"Zamani. Mwaka wa pili tulipofika."

"Pole, mama." Akaandika.

Mama hakukusudia kudanganya. Aliulizwa habari za mtu ambaye kwa mila zetu hayupo, akajibu kama mama yeyote wa Kimakonde angejibu. Mwenye kosa ni mimi. Nilielewa maana ya kile kilichoandikwa, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Sasa wamerudi, na safari hii ukaguzi wao hauna kalenda. Mimi ni mtu wa hesabu, nikajaribu kuwahesabia: wamekuja baada ya siku kumi na tatu, kisha tano, kisha ishirini na nane, kisha mbili. Mara wako kwenye basi la Tandahimba, mara kwenye foleni ya kupima korosho, mara kisimani wanawauliza wanawake waume zao walichezwa jando wapi. Jirani yetu mmoja, mzaliwa halisi wa Chilangala, alishushwa kwenye basi kwa sababu ya chale za usoni, wakidai ni za watu wa ng'ambo. Alirudi baada ya siku sita. Ukimuuliza alikuwa wapi anazungumzia mvua.

Wiki iliyopita afisa mmoja, mtu wa bara, mpole, alinijia na suruali ya kupunguza upindo. Akakaa kwenye benchi langu kama mteja yeyote. Mama akapita na ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akamsindikiza kwa macho. "Fundi, huyu ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Wa kukuzaa?"

Nikasema ndiyo, maana kijiji kizima kinajua.

"Kitabu changu kinasema alivuka na mtoto mmoja, na huyo mmoja amefariki." Akacheka kidogo. "Sasa wewe alikuokota wapi, kwenye mikorosho?"

Nikamwambia waandishi wa zamani walikuwa wanaruka watu.

"Inawezekana," akasema. "Basi nikija kuchukua suruali, mwambie mama anionyeshe kaburi la huyo mtoto, nimfunge kitabuni."

"Unakuja lini?"

"Nitakuja tu, fundi."

Nimepiga hesabu pande zote. Nikienda Newala mwenyewe nikasema mimi ndiye yule mtoto, mama ataulizwa kwa nini alimdanganya afisa, na mimi nitaulizwa zile kura mbili na ile kadi. Nawafahamu wawili waliojitokeza wakapewa kibali. Nawafahamu watano waliorudishwa, na mmoja ameacha mke na watoto huku. Ng'ambo sina hata mti. Mke wangu anasema niende. Balozi anasema ninyamaze, maana mwandiko ni wake.

Mama nilimweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Baba, mimi sikusema uongo. Yule mtoto nilimlilia."

Nikamwambia serikali haijui habari za likumbi.

Juzi nimetoka shamba nikamkuta nyuma ya nyumba ameshika jembe, tuta la udongo limeinuka, mawe ameyapanga pembeni. Kazi yangu ni kupima, nikalipima kwa macho: futi nne na nusu. Nikamuuliza kipimo kile amekipata wapi.

Akaweka mkono chini ya bega lake. "Alikuwa ananifika hapa."

Tuta bado lipo. Mvua haijanyesha, udongo ni mwekundu mbichi, na mtu yeyote mwenye macho ataona ni wa wiki hii. Ninyi mnaosoma ukurasa huu ni maelfu, na wengine mmekaa kwenye ofisi za serikali. Nilisawazishe niende Newala, au nimwache mama amuonyeshe afisa mahali nilipozikwa? Nishaurini, ndugu zangu, na msikawie, maana siku yake siijui.