Kabula, aliyechapa kioo kikiwa cheusi

Namba yako bado iko juu kabisa kwenye simu yangu, Kabula. Asubuhi hii nusura nikupigie nikuulize kama ni kweli umekufa.

Kwa mnaonifuata hapa na hamkumjua: Kabula, aliyetutoka jana, ndiye mwenye duka la uchapaji karibu na stendi, Bariadi. Yeye Msukuma wa Zagayu. Mimi Mzaramo niliyeletwa huku kuwa bwana shamba wa ushirika wa pamba na sikurudi tena. Tulikuwa watani, kwa hiyo msitegemee nimsifu tu.

Alikuwa mbishi. Chai yake ilikuwa sukari yenye maji kidogo.

Soko la pamba lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, ushirika ukayumba na sote wawili tukapunguzwa kazini. Mimi nikanuna. Yeye, aliyekuwa typist wa ushirika, akapanga chumba na kutafuta kompyuta iliyokwisha tumika, ina Linux ndani, mfumo wa bure badala ya Windows. "Mashine ni mashine," akasema.

Kampuni mpya ya pamba ikataka mabango. Wakala wake angekuja alasiri kuona mchoro kwenye kioo cha kompyuta. Bila kazi ile, kodi ya chumba ingemshinda na angerudi Zagayu kulima.

Shida ni kwamba kioo kilionyesha herufi kubwa mno na rangi chache zilizopauka. Bango halikuenea kwenye kioo. Ilihitajika driver ya graphics, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia vizuri kadi yake ya picha. Alikuwa nayo kwenye CD kutoka Mwanza. Akasoma jina la kadi nje ya boksi la kompyuta, akaweka driver ya jina hilo, akawasha upya.

Kioo kikawa cheusi.

"Mwangaluka," nikakisalimia kwa Kisukuma. Hakikuitika.

"Nyamaza, Mzaramo. Nenda kacheze ngoma yenu ya mdundiko."

Pale ushirikani, ma-typist walifundishwa kuchapa bila kutazama vidole, na hakuna barua iliyotoka bila nakala ya kaboni. Kwa hiyo kabla ya kugusa faili la mipangilio, Kabula alikuwa amelinakili. Sasa akakaa wima, akachapa jina lake, neno la siri, kisha amri ya kurudisha nakala ile na kuwasha upya, bila kuona hata herufi moja. Alitua mara kwa mara kusikiliza diski ikikwaruza ndani.

"Unajuaje kama umepatia?"

"Typist anayejiuliza hivyo hafai kazi."

Mashine ikajiwasha upya. Herufi zile kubwa zikarudi. Sijawahi kufurahia kitu kibaya namna ile.

Tukafungua boksi. Kadi ya ndani haikuwa ile iliyoandikwa nje. Kuna mtu alishaibadilisha. Mimi nikasoma jina, yeye akatafuta driver yake kwenye CD ileile, akaiweka. Wakala alipoingia, pamba ya kwenye bango ilikuwa nyeupe kweli na anga lilikuwa la buluu.

"Ongeza ukubwa wa jina la kampuni," akasema, "kisha uchape."

Leo nimepita dukani nikitegemea kukuta kufuli. Nimemkuta Minza, binti yako, macho mekundu, anachapa ratiba ya mazishi yako.

"Baba mdogo, ningeipeleka kwa watu wengine, mama angenigombeza."

Nyuma yake wateja wawili walikuwa wanasubiri kadi za harusi.

Lala bila wasiwasi, Kabula. Duka liko wazi.