Walinzi Wawili wa Ghala la Ruthu

"Shangazi, miguu yako imekwenda wapi?"

Aliyeuliza ni Angelina, binti wa Gerson, kaka yake Ruthu. Wakati huo alikuwa darasa la tatu. Leo yuko kidato cha pili na ndiye aliyeyaandika haya. Aliuliza asubuhi moja nyumbani kwao Hombolo, amesimama kando ya kitanda, na shangazi yake amelala chali kama gunia lililoshushwa. Macho ya Ruthu yalikuwa mazima na ulimi mzima, lakini kuanzia mabegani kwenda chini hakuna kiungo kilichomtii. Aliuambia mguu wa kulia uinuke, ukamnyamazia. Akaujaribu mkono, nao vilevile. Akacheka kidogo kwa aibu, akamjibu mtoto kwamba hajui, siku akijua atamwambia.

Saa nane mchana miguu ikarudi yenyewe. Jioni Ruthu alikuwa shambani anafunga matawi ya mizabibu kana kwamba hakuna lililotokea, na ubaya ulikuwa hapo hapo. Ugonjwa unaokuja alfajiri na kuaga mchana hauna shahidi.

Ruthu alikuwa na miaka kumi na tisa na ndiyo kwanza amekabidhiwa ngoma kubwa ya muheme. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, na mpigaji huibana katikati ya mapaja. Mapaja yakilegea kidogo tu, sauti inageuka ya debe. Ngoma ile ilikuwa ya Bi Hilda, kiongozi wa kundi, aliyeipiga miaka thelathini mpaka magoti yakamgomea. Siku anamkabidhi Ruthu hakutoa hotuba. Alisimama nyuma yake, na mdundo ulipotakiwa kubadilika akamgusa bega. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Bi Hilda hasemi wala hapigi makofi. Anagusa bega, Ruthu anageuza mkono, na kundi zima linageuka naye.

Kundi hilo likialikwa hufika jioni ya kuamkia shughuli. Hupiga kwa saa mbili tatu kuuamsha uwanja, kisha mwenyeji huwalisha kabla ya mgeni mwingine yeyote: ugali wa uwele uliosimama kama kichuguu, nyama, mlenda, na siku hizi soda juu yake. Mpigaji anayekataa sahani amemtukana mwenyeji. Wakishashiba wanalala, ili kesho waamke na nguvu.

Ruthu alikula kama walivyokula wenzake, akalala kama walivyolala, na wao wakaamka. Hali ile ilimkuta tena kwenye harusi moja Ipagala. Wenzake walimhurumia, wakamwinua kichwa na kumnywesha uji wenye sukari ya kutosha ili apate nguvu. Kadiri walivyomnywesha ndivyo alivyozidi kulegea, hadi shingo ikashindwa kushika kichwa. Wakamwongezea kikombe kingine, kwa upendo kabisa.

Kufika mara ya tatu, huruma ilikuwa imekwisha. Wakimpita alipolala waliulizana kama malkia ameshaamka. Mmoja akasema hajawahi kuona mgonjwa anayepona nyama ikiiva, na maneno hayo yakazunguka Hombolo nzima. Mama yake alimpeleka kanisani akaombewa. Jirani akapendekeza mganga. Zahanati alikwenda mara mbili, lakini alifika kwa miguu yake mwenyewe, wakati hali imeshapita, na damu ikaonekana safi kuliko ya aliyempima. Ikafika mahali Ruthu mwenyewe akaanza kujiuliza kama kweli si mvivu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mwaka wa tano Bi Hilda akamwita pembeni. Kundi lilikuwa limealikwa harusi kubwa Buigiri, miezi miwili mbele.

"Nimekutetea mpaka mdomo umekauka," akamwambia. "Ukilala tena Buigiri, ngoma naichukua. Sitaki kuichukua, Ruthu. Ila nitaichukua."

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya kufuata sherehe ya kipaimara cha binamu yao, miguu ikaondoka tena. Safari hii Gerson hakuagiza uji.

"Leo hatungoji upone," alisema. "Tunakupeleka ukiwa mbovu hivyo hivyo, wakuone."

Wakapanda mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele, Gerson nyuma, Ruthu katikati amefungwa kwa shuka kwenye mgongo wa dereva mithili ya mtoto. Njiani watu waliuliza mlevi huyo katoka kilabu gani asubuhi yote hii. Gerson alimhimiza dereva tu mpaka Dodoma mjini, hospitali.

Daktari aliyewapokea aliitwa Mudrick, kijana wa Kondoa, mpole wa sauti. Kabla hajamgusa mgonjwa aliuliza jana jioni alikula nini. Ruthu alidhani anakejeliwa tena. Akajibu kwa hasira kwamba alikula ugali, tena mwingi, na soda mbili. Na kabla ya kula? Alipiga ngoma kwa saa tatu. Na baada ya kula? Alilala. Daktari akatoa damu hapo hapo, bila kungoja hata faili liandikwe.

Majibu yalipotoka, maabara walirudia kipimo wakidhani mashine imekosea. Potasiamu ilikuwa imeshuka chini mno. Wakamnywesha dawa ya potasiamu kidogo kidogo huku wakiuangalia moyo wake kwenye mashine. Kabla ya saa sita kidole gumba cha mguu wa kushoto kikacheza. Ruthu akakitazama, machozi yakamtoka. Hakulilia kupona, maana kupona alikuwa amezoea. Alililia ile karatasi ya majibu. Sasa alikuwa na shahidi.

Daktari akageuza karatasi hiyo na kumchorea kwa nyuma. Kila uzi wa msuli, alisema, una ghala ndani yake, na ghala limejaa kalsiamu. Kalsiamu ikimwagika, msuli unajikunja. Ikirudishwa ghalani, msuli unalegea. Ghala lina walinzi wawili, wote protini. Wa kwanza anakaa kwenye ukuta wa nje, kazi yake kuhisi umeme unaotoka kwenye ubongo. Wa pili yuko ndani, ameshika mlango wa ghala.

"Wa nje anamwambiaje wa ndani?" Ruthu aliuliza.

"Hamwambii. Kwenye moyo, mlinzi wa nje huingiza kwanza kalsiamu kidogo, hiyo ndiyo inayomwamsha mwenzake. Kwenye mguu hawana haja. Wamekaa karibu mno. Wa nje akijitikisa, wa ndani anaguswa, mlango unafunguka."

Ruthu akalitazama bega lake. "Kama Bi Hilda anavyonigusa bega," akasema.

Daktari hakumjua Bi Hilda, ila aliafiki. Akaendelea kwamba mlinzi wa nje wa Ruthu amezaliwa na ufa mdogo, herufi moja tu iliyokosewa katika maagizo ya kumuumba. Siku za kawaida ufa haudhuru. Lakini mtu akifanya kazi ngumu, akala wanga na sukari nyingi, kisha akalala, potasiamu inatoka kwenye damu na kukimbilia ndani ya seli. Hapo ufa unavujisha, ukuta unaishiwa umeme wake, na ujumbe wa ubongo unazimika njiani. Mlinzi wa nje hatikisiki na wa ndani haguswi. Kwa hiyo ule uji wa sukari wa wenzake ulikuwa unamzika kwa kijiko.

Akampa vidonge na masharti: kula kidogo, sukari aiogope, na baada ya ngoma asilale ghafla; atembee mpaka mwili upoe taratibu.

Masharti yalikuwa mepesi mpaka jioni ya Buigiri. Mzee Elieza, baba wa bibi harusi, alikuwa amechinja ng'ombe na kusimamia sahani za wapigaji mwenyewe. Ruthu alikula matonge manne na kipande cha nyama, akanawa mikono. Mzee Elieza akaitazama sahani ile, bado imejaa.

"Binti, chakula changu kina nini?"

Ruthu akaanza kueleza. Akataja potasiamu, akataja ukuta, akawataja walinzi wote wawili, na Mzee Elieza akamsikiliza kwa uso wa mtu anayesomewa sheria ya ardhi. Ndipo Bi Hilda akanyoosha mkono, akaivuta sahani ya Ruthu, akaiweka juu ya yake.

"Mbukwa, mzee," alisalimu kwa heshima. "Huyu leo anakulia kwa tumbo langu."

Akaimaliza yote, mpaka mlenda akaulamba vidoleni, na mzee akacheka hadi akakaa chini. Chakula chake kilikuwa kimeliwa, na heshima yake imebaki. Kisha Bi Hilda, na magoti yake yale mabovu, akamshika Ruthu mkono wakaanza kuzunguka uwanja taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, hadi jasho likakauka. Bi Hilda alikiri kwamba mambo ya protini hayaelewi hata moja. Kuguswa anakuelewa.

Alfajiri Ruthu alifumbua macho na kuogopa kujaribu. Akauambia mguu wa kulia uinuke. Ukainuka na shuka juu yake.

Asubuhi hiyo Buigiri ilisikia muheme. Mapaja ya Ruthu yaliibana ngoma hata kamba zikalia. Wale waliomwita malkia walikuwa nyuma yake, wanamfuata kwa kila pigo, na bibi harusi akatoka nje kabla ya wakati wake kwa sababu miguu ilikataa kungoja ndani. Mkono wa Bi Hilda ukashuka begani. Ruthu akageuza mdundo, na uwanja mzima ukageuka pamoja naye.

Walipopumzika, Angelina, aliyekuja na kundi, alimpelekea maji. Swali lake la darasa la tatu alikwishalisahau. Ruthu hakuwa amelisahau. Alikunywa, akapangusa kidevu, akayapiga mapaja yake kofi moja.

"Miguu haikwenda popote, mwanangu," alisema. "Ilikuwa hapa hapa, ghala limejaa tele. Ilikuwa inangoja kuguswa."