Skrubu Mbili Ndefu

Mama Milimita alipofungua mkoba wa bunduki, kitu cha kwanza alichokiona ni kipande cha tyubu ya baiskeli. Kilikuwa kimekatwa kwa kisu butu, kikazungushwa kwenye bomba la darubini, kisha juu yake ikabanwa pete. Alikitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula, na si unywele wake. Akavaa glavu. Kwa kawaida hakuzivaa. Mafuta ya bunduki na masizi ya baruti hayakuwahi kumtia kinyaa. Huu ulikuwa uchafu wa aina nyingine.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi pekee wa silaha katika karakana ya idara ya wanyamapori, chumba kirefu chenye dirisha moja na meza ambayo hakuna aliyethubutu kuweka juu yake kikombe cha chai. Skrubu alizipanga kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake. Jina lake alipewa na askari wa porini, waliochoka kuambiwa kwamba milimita si punje ya mchele. Akimaliza kufunga darubini, alichovya brashi kwenye chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, akachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma cha pembeni. Skrubu ikigeuzwa hata kidogo, mstari unakatika. Askari walikuwa wakitania kwamba bunduki zao zinapakwa rangi ya kucha kuliko wake zao. Yeye hakucheka wala hakuacha.

Bunduki iliyokuwa mezani ilikuwa imefanya balaa siku tisa kabla. Nyati mmoja alikuwa ameingia mashambani, na askari aliyepewa kazi ya kummaliza alimlenga begani kutoka hatua sitini. Risasi ikaingia tumboni. Nyati mwenye risasi tumboni hakimbii. Anarudi kumtafuta mtu. Alimpata askari wa pili, akamrusha, na sasa askari huyo alikuwa amelala hospitalini na nyonga iliyovunjika.

Idara ilitaka ukurasa mmoja unaojibu swali moja: kosa ni la nani? Kama mpigaji alichezea darubini, anafukuzwa kazi. Kama karakana iliifunga vibaya, fundi anapokonywa muhuri wake. Ukurasa wenyewe ulitakiwa kuandikwa na fundi, kwa kuwa fundi mwingine hakuwepo. Mkuu wa ghala alipomkabidhi bunduki alimwambia, akicheka peke yake, kwamba kesi ya nyani hakimu ngedere.

Na kama hilo halikutosha, mpigaji alikuwa mume wa mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa amepiga simu asubuhi, akalia kidogo, akakumbusha kwamba nyumba ile ina watoto wanne, akakata kabla hajajibiwa.

Mpigaji mwenyewe, ambaye kazini walimwita Bingwa, alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango, kofia juu ya goti.

"Shemeji, hizi pete umezitoa wapi?"

"Kwa rafiki yangu mmoja. Zile zako zilikuwa ndefu mno. Nilikuwa nalenga kama twiga anayechungulia dirishani."

Mama Milimita aliinamia mtutu. Pete zake hakuwa amezichagua kwa macho. Urefu wa pete unapimwa kwa kichwa cha mbele cha darubini: kikikaa juu ya mtutu, karatasi ngumu lazima ipite katikati bila kukwaruza. Pete fupi kuliko hapo zinakilaza kichwa hicho juu ya mtutu, na kila teke la bunduki linakuwa kofi. Hizi za rafiki zilikuwa fupi. Tena zilitengenezwa kwa bomba nene, la milimita thelathini, wakati darubini ya Bingwa ilikuwa ya ishirini na tano na kidogo. Nafasi iliyobaki ndiyo Bingwa aliyoiziba kwa tyubu, na tyubu ilipozidi kuteleza akaongeza gundi, na gundi ilipogoma akakaza kwa koleo.

"Raba inapunguza teke," Bingwa alieleza.

"Imepunguza na akili."

Alizifungua pete moja moja. Gundi ilikuwa imeganda nyeupe kama makamasi. Chini yake bomba la darubini lilikuwa limebonyea mahali pawili. Mtutu ulikuwa umechubuka weusi wake pale kichwa cha mbele kilipokuwa kikipiga. Kila alichokigusa kilinata. Alihisi kichefuchefu cha kweli, kile kinachoanzia chini ya ulimi, na akashangaa kwamba mtu aliyelala kitanda kimoja na mdogo wake angeweza kukaza pete kwa koleo na kisha akalala.

Aliuliza kama aliijaribu shabaha baada ya kufunga.

"Risasi moja. Iligonga karibu."

"Karibu na nini?"

Bingwa alitazama kofia yake, akasema anatoka kidogo kupiga simu.

Alipobaki peke yake, Mama Milimita akafika kwenye reli, kile chuma kirefu kinachokaa juu ya mwili wa bunduki na kubeba pete. Reli ilikuwa kazi yake na haikuwa imeguswa. Mistari minne myekundu ilikuwa mizima juu ya skrubu nne. Aliitazama kwa raha. Hii ilikuwa sehemu ya ukurasa ambayo ingejiandika yenyewe.

Akachukua karatasi ya sigara, nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, akaisukuma chini ya ncha ya mbele ya reli ili aandike kwamba haipiti.

Ikapita.

Aliivuta, akaisukuma tena. Ikapita hadi kwenye skrubu ya kwanza. Akaifungua skrubu ile, mstari mwekundu ukakatika chini ya mkono wake mwenyewe, na akaitoa. Ilikuwa ndefu. Mashimo ya mbele ni mafupi na yanataka skrubu fupi. Za nyuma ndizo ndefu. Ncha ya skrubu ilikuwa imebapa na kung'aa: ilikuwa imegonga mwisho wa shimo kabla ya kuibana reli. Spana ya kipimo ililia tiki, kama inavyotakiwa skrubu ikikaza, na yeye akaamini tiki, akachora mstari. Akafungua ya pili, nayo ikawa vilevile. Zile fupi zilikuwa nyuma, zimeshikilia kwa mizunguko miwili mitatu tu.

Alikumbuka trei ya mayai na asubuhi ile aliyojisifu kwamba amemaliza bunduki mbili kabla ya chai. Mstari mwekundu ulikuwa umelinda kosa lake vizuri sana.

Ni lipi lililoipeleka risasi tumboni, tyubu au skrubu? Hakuna ambaye angeweza kusema. Na kuzibadilisha skrubu na kuchora mistari upya ni kazi ya dakika nne. Alivuta droo, akatoa chupa ya rangi, akaifungua. Harufu ilimpanda puani, tamu na kali, na kile kichefuchefu kikarudi, safari hii bila Bingwa chumbani. Akafunga chupa. Akaandika makosa mawili, la kwanza likiwa lake, akazibandika skrubu mbili ndefu chini ya ukurasa kwa tepu.

Bingwa aliporudi, Mama Milimita alimsomea. Alijiandaa kwa hasira, au kwa machozi. Uso wa Bingwa ukafunguka.

"Kumbe tuko wawili, shemeji." Akamwekea mkono begani. "Mzigo wa wawili ni mwepesi. Nyonga ile tutaibeba pamoja."

Katika vyote alivyovishika siku hiyo, hakuna kilichomnata kama mkono ule. Alitaka kumwambia kwamba hawafanani.

"Toa mkono, shemeji. Umeshakwenda kumwona mgonjwa?"

"Nilisema nisubiri ripoti kwanza."

Yeye pia alikuwa amesubiri, siku zote tisa. Akagonga muhuri kwenye ukurasa, akaupeleka kwa mkuu wa ghala, na muhuri wenyewe akauacha juu ya ukurasa kabla hajaombwa. Kisha akaosha mikono kwa spiriti, mara mbili, akamwambia Bingwa avae kofia.

"Tunakwenda hospitali. Utatangulia wewe kusema, kisha nitasema langu. Na ukinitaja kwa neno wawili, nitakukatiza."