Kadi Iliyotiwa Plastiki

Mtu akikwambia kikaratasi kinaweza kununua kiwanja, utamcheka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mume wangu Twalibu, fundi pancha hapa Bungu, tangu utotoni anaweka kadi za wachezaji mpira zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za bigijii. Wenzake waliacha, yeye ng'o.

Kisha mafuriko yakabeba nyumba ya mama yake kule Mohoro. Bi Mwanamkuu, mtu mzima yule, akawa analala jikoni kwa watu. Tulitaka kumnunulia kiwanja huku kwetu, lakini kwa pancha? Wapi!

Twalibu akairusha mtandaoni picha ya kadi moja. Abdulatifu, mkusanyaji wa kadi kutoka Dar, akapiga simu palepale. Kadi ile ina sura ya mshambuliaji, jina la kipa. Kiwanda kiligundua, kikaacha kuichapa, ndiyo maana zimebaki chache.

"Kosa ndilo linaloipa bei, kaka," akasema. "Nikiikuta kama ilivyo pichani, kiwanja unapata."

Lahaula! Kicheko kikanikauka. Twalibu akampigia mama yake: "Mama, funga virago."

Sasa, huku kwetu karatasi ya maana haiachwi uchi. Cheti cha ndoa, picha ya marehemu, vyote tunavipeleka stesheneri vikatiwe plastiki ya moto, unyevu usivile. Twalibu akaona mgeni hawezi kupewa kitu hivihivi. Akaipeleka, pembe zilizojikunja wakazipunguza kwa mkasi. Akarudi meno nje: "Warda, tazama inavyong'aa!" Iling'aa kweli.

Abdulatifu akaja, akakaa juu ya tairi, akapewa kadi. Akaigeuza, akaigeuza tena. Chai yangu ikapoa.

"Kaka, uchache peke yake hautoshi," akasema taratibu. "Mnunuzi anatazama pembe, anapapasa uso wa karatasi, anataka iwe vile ilivyotoka kiwandani. Hii imekatwa, imepikwa. Hakuna atakayeitaka."

"Si nimeitunza?"

"Umeitunza, kaka. Ndiyo imekufa hivyo."

Nikamvaa: "We baba we! Kiwanda kikikosea mnakilipia, mume wangu akikosea basi? Haki gani hiyo?"

Akainamisha kichwa, akasema pole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniuma zaidi. Ningepata wa kumtukana ningepumua. Mwenye kiwanja tulichokitaka naye akasema hangoji, ana mteja mwingine.

Jioni hiyo simu ya Twalibu ikaita. Alitazama jina, akanitupia mapajani, akatoka nje.

"Warda mwanangu," akasema Bi Mwanamkuu, sauti imejaa furaha, "mkeka nimeshaukunja. Masufuria nimewagawia wenyeji wangu, niliona nitanunua mengine huko kwangu. Gari la kesho linapita saa ngapi?"

Niliitazama kadi, bado inang'aa. Akarudia kuuliza.