Wanaume Ishirini na Sita na Sajini Mmoja

Nilijitolea kwa hiari yangu, baada ya mwalimu mkuu kunieleza kwamba asiyejitolea atahamishiwa shule ya juu kabisa Dundori, mahali ambapo viazi hustawi na walimu hukohoa. Nilikuwa nimefundisha Nakuru mwaka mmoja tu, nina chumba chenye dirisha la kioo, na sikutaka kukiacha. Hadi leo nikisikia mtu anasifiwa kwa moyo wa kujitolea, huwa nauliza kwanza alitishwa na nani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuendesha kikosi cha vijana wa shule: kuwafundisha kwata, adabu, na kupaka viatu rangi, ingawa wengi hawakuwa na viatu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, hali ya hatari bado haijaondolewa. Serikali ilitaka sana vijana wetu wajifunze mambo ya askari, na papo hapo iliogopa sana wasije wakayajua. Tulianza na bunduki za mbao. Ofisi ya wilaya ikasema bunduki za mbao hazifai, tutumie mipini ya mifagio. Mwezi haukuisha, wakasema hata mpini ukitazamwa kutoka mbali unafanana na bunduki. Tukaishia kupiga kwata mikono mitupu, kila kijana ameweka begani bunduki ambayo haipo, na ole wake aiangushe.

Wakufunzi wa kujitolea tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa mhudumu wa zahanati aliyefuata kitambaa cha kaki. Alipokwisha kushonewa suruali, hatukumwona tena. Wa pili alikuwa mwinjilisti aliyetaka kila zoezi lianze kwa sala. Sala zilikuwa ndefu, vijana wakawa wanasinzia wakiwa wima, naye akaenda kutafuta kundi lenye usikivu zaidi. Tukabaki wawili, mimi na Sajini.

Sajini alikuwa mtu wa pande za ziwa, aliyepigana Burma na kurudi na medali moja na goti bovu. Usiku alilinda ghala la mahindi karibu na reli. Waliomwajiri walimwita "wewe", na wapakiaji wa magunia walimwita "mzee wa rungu". Jumamosi asubuhi alitoka lindoni, akanawa uso bombani, akavaa koti lake la jeshi na kuja uwanjani bila kulala. Hapo tu ndipo alipoitwa Sajini. Hata hicho cheo kilikuwa cha mdomo, kwa sababu kikosi chetu kilikuwa hakijaandikishwa rasmi. Siku ambayo kingeandikishwa, mkufunzi wa kwata angepewa hati na mshipi mwekundu wa kuvaa begani. Sijawahi kuona mtu mzima akitaka kitu kama Sajini alivyoutaka mshipi ule.

"Mwalimu," aliniambia, "nikipata hiyo kitu, naenda nayo nyumbani, baba yangu anaona kabla hajakufa. Kule wanajua mimi ni mlinzi tu."

Wa kutuandikisha alikuwa Kapteni, mzungu mstaafu mwenye shamba la ngano upande wa Rongai. Yeye pia alikuwa wa kujitolea, tofauti yetu ikiwa kwamba yeye alijitolea kwa Landrova na sisi kwa miguu. Alikuja mara moja kwa miezi mitatu, akazunguka uwanja huku akitafuna kiko, akauliza jambo lile lile kila mara: mbona hamwongezeki? Kwake kikosi kilikuwa kama kundi la ng'ombe wa maziwa, na kisipozaa kiuzwe.

"Mimi hapana taka kitu kidogo kidogo," alisema. "Mimi nataka vijana arobaini. Kama hapana arobaini, mimi funga hii kitu. Maliza."

Sisi tulikuwa na kumi na tisa. Mimi nikaandika tangazo zuri kwa mwandiko wa kulala nikalibandika mlangoni mwa shule, likasomwa na mbuzi mmoja aliyelila. Sajini hakuandika kitu. Alikwenda nyumba kwa nyumba mtaani, kisha akatembea na goti lake hadi kwenye mashamba ya wazungu kuzungumza na wazazi kambini, akiwaambia mtoto atakayepitia mikononi mwake atajifunza kusimama wima mbele ya mtu yeyote. Kufikia Novemba tulikuwa na vijana arobaini na mmoja, na walipogeuka kulia waligeuka wote.

Kapteni alifurahi, akaniita nipange siku ya gwaride la kuandikishwa. Nikachagua mwenyewe Jumamosi ya tatu ya Januari. Nilifikiri nimetumia akili: shule zitakuwa zimefungwa Desemba, vijana watakuwa na mwezi mzima wa mazoezi. Mimi niliyetahiriwa Desemba, mtoto wa watu ambao Desemba kwao haina kazi nyingine, nilikaa katika ofisi ile nikiitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, na kisu hakikunijia akilini hata kidogo. Sajini ndiye hakuwa na njia ya kujua. Kwao hawatahiri. Kwao mtu aling'olewa meno sita ya chini, asipige kelele, basi amekua.

Shule zikafungwa. Jumamosi ya kwanza ya Desemba walikuja vijana kumi na watano, wote wadogo. Wenzao ishirini na sita walikuwa wamekwenda mtoni alfajiri na wajomba zao.

Walirudi Januari wamepona, na walitembea kana kwamba mji wameununua juzi. Walikuwa wamevaa suruali ndefu za kaka zao, nyingine zimekunjwa mara tatu miguuni, nyingine zimefungwa kwa kamba ya katani. Kaptula za kikosi wakazikataa katakata, kwa kuwa kaptula ni nguo ya kihii, yaani mvulana ambaye hajatahiriwa. Wakakataa kusimama mstari mmoja na wale kumi na watano. Wakakataa kuitwa vijana. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimewafuta makamasi baadhi yao. Tulikuwa tumetaka kikosi kikue, nacho kikakua kwa asubuhi moja, kikatushinda.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini siku saba kabla ya gwaride, koplo wao alinijia nyumbani na wenzake wawili, wakakataa chai, nikajua mambo ni mazito.

"Mwalimu, sisi sasa ni wanaume," alisema koplo. "Hatuwezi kuamrishwa na yule."

"Yule nani?"

"Yule mzee. Tumesikia watu wa kwao hawaendi kisuni. Nyumbani tutachekwa. Tuamrishe wewe, ama twende zetu."

Ningeweza kuwaambia kwamba yule mzee alilala miezi kwenye tope la Burma akipigwa mabomu, wakati koplo huyu alikuwa hajui hata kutambaa. Ningeweza kuwafukuza. Nilichofanya ni hesabu: arobaini na mmoja toa ishirini na sita. Nikaona Landrova, nikaona Dundori. Nikawaambia nitatafuta njia ya hekima. Katika maisha yangu nimegundua kwamba mwoga akishindwa kabisa, huitafuta hekima.

Asubuhi nikamfuata Sajini langoni mwa ghala, akikabidhi zamu. Nilizunguka sana. Nikasema kuna mambo madogo ya mila, vijana hawana akili, ni kwa siku moja tu, yeye awasimamie wale wadogo nyuma na mimi niongoze mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao wamesema hivyo. Wewe unasema nini, mwalimu?"

"Mimi nasema tusipoteze kikosi."

Akatazama chini kidogo. "Haya," akasema. "Lakini wewe hujui amri. Kuja jioni nikufundishe."

Akanifundisha. Siku sita mfululizo, kabla ya zamu yake, alisimama nami nyuma ya ghala akinionyesha jinsi ya kutoa sauti tumboni, jinsi ya kungoja mguu wa kushoto uguse chini ndipo mtu atamke "Simama!" Hakunikasirikia hata mara moja, na nilitamani sana anikasirikie.

Siku ya gwaride Kapteni alikuja na mkewe na kiti cha kukunja. Wanaume wangu walikuwa mbele katika suruali za rangi zote Mungu alizoumba, na nyuma walikuwa wale wadogo kumi na watano wenye kaptula, Sajini ubavuni mwao. Nilianza vizuri. Nikawageuza, nikawapeleka moja kwa moja kuelekea ua wa michongoma. Walipokaribia, nikangoja mguu wa kushoto. Nikaungoja mguu ule hadi nikasahau nilikuwa nangojea kitu gani. Wanaume ishirini na sita, ambao hawangeweza kusimama bila amri kwa sababu Sajini alikuwa amewafundisha hivyo, wakaingia ndani ya michongoma safu kwa safu bila kupiga kelele. Kwa hilo nilikiri kweli wamekomaa.

Nilipogeuka, wale wadogo walikuwa wamesimama kwa mstari ambao ungeweza kuupima kwa rula. Sajini akatoa amri moja ya chini. Wakageuka, wakapita mbele ya mke wa Kapteni, wakapiga saluti, vichwa kumi na vitano vikageuka kwa pamoja. Yule mama akapiga makofi.

Kapteni akatoa kiko mdomoni. Alikuwa amehesabu vichwa, wakiwemo waliokuwa wakichomoana miiba, na hesabu ilimtosha.

"Hii kidogo mzuri sana," akaniambia, akiwaonyesha wadogo. "Nani fundisha hii?"

Sajini alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Mshipi mwekundu ulikuwa mkononi mwa Kapteni. Koplo na wenzake walikuwa wananitazama kutoka michongomani kama mkubwa wao, nami bado nilitaka wanitazame hivyo.

"Mimi, bwana," nikasema.

Akanivisha mshipi. Nilihisi mkono wake ukinipiga begani, na sikuweza kugeuza shingo. Nilipogeuka hatimaye, Sajini alikuwa anaagana na wale wadogo. Hakuwapigia kelele watawanyike kama kawaida. Alipita kwa kila mmoja akampa mkono, akautikisa, kama mtu anavyomsalimu mwanaume mwenzake. Kisha akachukua rungu lake, akaondoka kwenda kulala.

Kikosi kiliandikishwa. Wale ishirini na sita hawakurudi Jumamosi iliyofuata. Mwanaume hana haja ya kwata, na wengine walikuwa wamepata kazi ya kukama kwa mshahara wa watu wazima. Kapteni akaniandikia barua ya kunipongeza kwa ukuaji.

Wadogo kumi na watano walikuja wote. Nikavaa mshipi, nikasimama mbele yao, nikatoa sauti tumboni kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyesogea. Nikarudia amri. Mmoja wao, mfupi kuliko wote, akasema kwa adabu, "Mwalimu, tunangoja Sajini."

Nikawaambia hatakuja. Wakasema watangoja tu. Jua likapanda, mstari wao haukupinda. Nikavua ule mshipi, nikaukunja mfukoni, nikaenda kusimama mwisho wa mstari pamoja nao, nami nikangoja. Hakuja.