Umuhire na Daftari la Wageni

Umuhire alifika shuleni kwetu Gisenyi akiwa na miaka ishirini, godoro kajitwika mwenyewe, wala hakumwomba mtu radhi. Sisi wenzake wa mwaka wa nne tulikuwa na miaka kumi na sita. Tulimcheka, na nasema ukweli, mimi nilicheka kuliko wote, maana kitanda chake kilikuwa chini ya changu na alikoroma.

Shule yetu ya masista ina desturi ambayo hakuna anayethubutu kuivunja. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, Madamu Drocella wa nidhamu hushika beseni, na kila msichana mgeni huchota karatasi. Jina lililomo ni la msichana wa mwaka wa tano, na kuanzia hapo huyo ni mama yako. Unamwoshea sahani wiki nzima, naye anakufundisha kutandika kitanda na anakutetea bwenini. Umuhire alimchota Kirezi, kasichana kembamba ka miaka kumi na saba, kenye domo. Tukasubiri vita. Umuhire akachukua sahani, akasema, "Haya, mama," akaenda bombani.

Hatukujua kwamba kwao Rugerero ameacha mtoto. Mimba ilimtoa shule, akauza nyanya sokoni Mbugangari miaka mitatu, na sasa amerudi kuutafuta uuguzi. Hayo alinisimulia baadaye. Aliyeyajua wakati ule ni Madamu Drocella peke yake, naye alimwonya, kwa ule upole wake unaochoma, kwamba wasichana wakijua, hatamhakikishia nafasi yake hapa. Aseme mtoto ni mdogo wake. Umuhire alinyamaza. Kunyamaza si kukubali, lakini Madamu hakuwa mtu wa kutofautisha.

Siku ya wageni mama yake mzazi, Mama Cansilde, alikuja na Gisubizo, binti wa miaka minne, gauni la njano na viatu vya kubana. Langoni mlinzi ana daftari la wageni, na lazima useme uhusiano. Mama Cansilde, mwoga wa wakubwa, naye Madamu alikuwa amemwonya vilevile, akaandikisha "mdogo wake". Mtoto naye alikuwa amefundishwa njia nzima. Akaja mpaka mbele ya Umuhire, akatazama viatu vyake, akasema, "Dada."

Uso wa Umuhire sijausahau. Alimbeba mtoto, akaenda moja kwa moja langoni, akamnyang'anya mlinzi kalamu, akafuta "mdogo wake" na kuandika "mtoto", herufi kubwa. Madamu Drocella akafika mbio, akamtaka arudishe neno la kwanza, wageni wanatazama.

"Madame, sahani nitaosha. Mutoto wa miaka kumi na saba nitamuita mama," Umuhire alisema. "Lakini huyu hataniita dada. Kama kitanda yangu inaenda, iende."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikafyata mkia. Naona haya mpaka leo.

Kirezi ndiye aliyepenya. Kwa desturi, mama wa shule huja kuwasalimu wageni wa binti yake na kupewa chapati ya kwanza, basi alikuwa amekuja kudai haki yake. Alimpa Mama Cansilde mikono miwili kwa adabu, kisha akamchukua Gisubizo na kumweka kiunoni.

"Bon, Madame. Umuhire ni mutoto yangu, na we mwenyewe ulishika ile beseni," alisema. "Donc huyu ni mujukuu yangu. Ukifukuza mumoja, unafukuza jamaa yote."

Madamu Drocella alilishika daftari. Beseni lile alikuwa amelishika miaka kumi na moja, na nyuma ya Kirezi walishaanza kujipanga mabinti na wajukuu wa desturi yake mwenyewe. Akalifunga daftari, akasema chapati zitapoa.

Mwezi uliofuata mlinzi hakuuliza uhusiano, aliandika "mtoto" mwenyewe. Gisubizo alianza kuita "Mama" huko huko barabarani, kabla ya lango, mpaka masista waliokuwa kanisani wakageuka.