Vichwa Arobaini vya Ngomeni

Siku ile saluni tulikuwa wanne: mimi kinyozi, mdogo wangu Riziki, aliyekuwa akifagia, Mama Béa msusi, Mkongo kama sisi, na Saidi wa Chatsworth, aliyekuwa akingoja zamu. Wote wapo hai hapa Durban, waulize. Mimi niliacha shule mapema ili nilee wadogo zangu. Kutunga hadithi sijui.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 2012. Akaingia mzee mmoja, ndevu zimeganda chumvi.

“Ninyoe zote, mwanangu. Nina msiba.”

Nikapitisha mashine, nywele zikaanguka. Nilipompangusa shingo, kichwa kilikuwa kimejaa tena. Nikarudia. Zikaota tena.

“Eish, Papa!” Mama Béa akacheka. “Kichwa hii iko shamba ya sombe? Unachuma, inaota!”

Mzee hakucheka. Alisema alishika ufunguo wa ngome moja ya pwani ya Msumbiji, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu arobaini walikimbilia ndani. Yeye akafunga lango, akatoroka na ufunguo. Hakutoka hata mmoja, na hakuna aliyenyoa kwa ajili yao.

“Kumbe ndiyo sababu ilifungwa baada ya vita?” akauliza Saidi, ambaye mababu zake walitoka pwani hiyo na jamaa zao bado wapo huko.

“Kila mlinzi aliyelala humo aliamka amenyolewa kipara, kama mfiwa. Alipoamka hivyo wa tano, wakaziba lango kwa mawe.”

“Sasa kwa nini mimi, Mzee?” nikauliza.

“Kwa sababu nawe hukuwanyolea wako. Ninyolee arobaini wangu, kila mmoja kichwa chake. Hapo wazazi wako nao watapata zamu, wapumzike.”

Niamini, sikuwa nimemwambia mtu. Wazazi wetu waliuawa Kivu, nasi tukakimbia bila matanga. Wewe ungefanyaje? Mimi nilisema, “Kaa vizuri, Mzee.”

Nilinyoa mpaka jioni, Riziki akifagia na kuhesabu. Nilipomaliza kichwa cha kumi na tisa, mashine ikaungua. Nilipogeuka kuchukua wembe, kiti kilikuwa kitupu, kinachuruzika maji.

“Ndugu yangu,” Saidi akanong’ona, “bibi yangu alituambia mwenye ufunguo alizama baharini siku ileile aliyofunga lango.”

Kile kiti hakijakauka mpaka leo. Riziki amepata kazi Cape Town, ananilia tuhame wote. Siendi; mzee akirudi anikute hapa. Nawe kinyozi, mtu akikwambia ana msiba, muulize kwanza amefiwa na wangapi, maana ukishaanza hakuna wa kukupokea. Mimi nimeshaanza. Vimebaki vichwa ishirini na kimoja, kisha baba, kisha mama.